MUHURI WA CHAMA NI AHADI YETU

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa Lamu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya ushirika wetu



Kwanza naomba kutoa shukrani zangu kwa Halmashauri kwa kunipa heshima ya kusema machache katika siku hii kubwa, ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Bwana Mtunza Hazina amekwisha kutusomea hesabu, na kila mmoja wetu amesikia kilichoingia na kilichotoka. Sitairudia kazi yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu li wazi, na kwa hilo twamshukuru Mungu.

Mimi nataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho hakimo katika daftari la hesabu, lakini ndicho kinachoipa thamani kila shilingi iliyoandikwa humo. Kitu hicho ni alama ya Chama, igongwayo ndani ya kila pete itokayo katika karakana zetu. Ni ndogo kuliko punje ya mtama. Hata hivyo, mnunuzi aliye mbali hajui majina yetu wala hajapata kuziona nyumba zetu. Anachokijua kwetu ni alama ile tu. Maneno yangu ya leo ni haya: alama ile ni muhuri, na muhuri ni ahadi. Haifai kugongwa juu ya kitu ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukitolea ushahidi wa kweli.

KAZI YETU NA WATU WAKE

Kwa ajili ya wageni wetu, yafaa nieleze kazi yenyewe. Chama Kikuu ni muungano wa vyama vitatu vya msingi. Cha kwanza ni cha waokotaji, aghalabu mama zetu na dada zetu wa visiwani, ambao huokota pwani vigae vya kioo vilivyosagwa na bahari. Cha pili ni cha wafua fedha, watengenezao pete, vipuli, vidani na vikuku. Cha tatu ni cha watia nakshi, ambao huchonga majina na alama katika pete za muhuri kwa agizo la mwenye pete. Vyama vyote vitatu vina wajumbe sawasawa katika Halmashauri, na kila mwanachama ana kura moja, awe ameuza kikapu kimoja cha vigae au pete mia.

Kabla ya ushirika kila mtu alisimama peke yake. Mwokotaji aliuza kwa mpita njia kwa bei aliyoitaja mpita njia. Mfua fedha alikopa fedha kwa mfanya biashara, na kwa hiyo pete ilikuwa na deni kabla haijapoa. Mtia nakshi alilipwa kwa kazi aliyoimaliza, na ile iliyokataliwa ilikuwa hasara yake yeye na watoto wake. Leo mwokotaji hupata malipo ya kwanza siku aletapo vigae ghalani, na malipo ya pili mwisho wa mwaka, kwa kadiri ya vile alivyoleta. Fedha hununuliwa na Chama kwa jumla. Hayo ndiyo matunda ya miaka kumi, na si haba.

KIOO CHA BAHARI

Watu wengi huuliza: hiki kioo chenu kina ajabu gani, ilhali ni chupa iliyovunjika tu? Swali hili ni la haki na lastahili jawabu.

Kioo cha kawaida ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Magadi yatokayo Ziwa Magadi, katika nchi yetu hii, hupelekwa viwandani kwa kazi hiyohiyo. Chupa ikiingia baharini huvunjika, na vipande vyake hubingirishwa na mawimbi juu ya mchanga na mawe, mwaka baada ya mwaka. Hapo mambo mawili hutendeka kwa pamoja. Mchanga husaga makali ya kioo. Nayo maji ya chumvi huyavuta polepole magadi yaliyo katika ngozi ya kioo, hata ngozi ile ikabaki na vishimo vidogo sana ambavyo hushika mwanga. Ndiyo sababu kigae cha bahari huonekana kama kilichofunikwa na ukungu wa asubuhi. Kazi hii haimaliziki kwa mwezi wala kwa mwaka. Kigae kilichokomaa vizuri aghalabu kimekaa majini kwa makumi ya miaka.

Rangi nazo zina asili yake. Kijani na kahawia ndizo nyingi, kwa sababu ndizo rangi za chupa za vinywaji. Buluu iliyokolea hutokana na kobalti, nayo ilipendwa kwa chupa za dawa. Zambarau hafifu ni kioo kilichokuwa cheupe zamani. Watengenezaji walikitia manganizi ili kuondoa ukijani, na jua la miaka mingi likakigeuza rangi. Nyekundu ni adimu, maana watengenezaji mara nyingi walihitaji dhahabu au seleni ili kuipata. Basi mama akirudi na kigae chekundu kikapuni, jirani zake hutoka nje kukitazama, nao wana haki.

Kuokota kwenyewe kuna elimu yake. Mama zetu huenda wakati wa maji ya bamvua, bahari inapojitenga mbali na kuacha wazi mahali ambapo siku nyingine hapaonekani. Hupendelea zaidi siku zinazofuata msukosuko wa kusi, maana bahari hutapika ilivyovificha. Huinama tangu maji yaanzapo kutoka hata yarudipo, na jua i juu ya migongo yao. Wakifika nyumbani huosha, huchambua na kupanga kwa madaraja. Kigae ambacho makali yake hayajaisha hakipokewi ghalani. Kilichopasuka ndani hakipokewi. Katika kikapu kizima, vinavyofaa kwa pete hutosha katika viganja viwili.

Tena neema hii haitadumu milele. Vinywaji vingi sasa hutiwa katika chupa za plastiki, na plastiki ikisagwa na bahari haiwi kito. Huwa uchafu mdogo mdogo uingiao katika matumbo ya samaki. Wala hatuwezi kuwashauri watu watupe chupa pwani ili wajukuu wetu wapate kuokota! Kwa hiyo kigae tulicho nacho leo ni kama akiba iliyowekwa na watu wasiotujua, nasi yatupasa kuitumia kwa akili.

VIGAE VYA SAHANI ZA KALE

Mafundi wa Lamu wamejulikana tangu hapo kwa pete za fedha zilizotiwa vigae vya sahani za kale, vile vyenye maua ya buluu vilivyoletwa na vyombo kutoka mashariki. Wageni huziulizia kila siku. Chama chetu kiliamua kutopokea vigae hivyo ghalani, na kwa kuwa uamuzi huo ulileta manung'uniko, naomba nieleze tena sababu yake.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kihamishikacho, kisipokuwa kitabu au hati, ambacho kilitengenezwa Kenya au kililetwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kigae cha sahani ya Kichina kilichotoka katika magofu kimo ndani ya maneno hayo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, sababu ingebaki. Wataalamu walipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, waliona misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pamoja, ya chini ikiwa ya miti. Na miongoni mwa vitu vilivyowasaidia kujua umri wa kila tabaka ni vigae vya vyungu na sahani. Kigae kilicho mahali pake chasema. Kikisha kung'olewa na kutiwa mfukoni huwa bubu. Kukitia katika pete ni kung'oa herufi katika kitabu cha babu zetu wenyewe. Chupa ya soda ya juzi haina siri ya namna hiyo, na bahari imekwisha kuifuta maandishi yake. Kwa hiyo tulichagua kioo.

FEDHA NA HESABU YAKE

Sasa nageukia fedha. Wazee wetu walifua vyombo vyao kwa riale, yaani sarafu ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kupigwa baada yake huko Vienna, London, Bombay na kwingineko, zote zikiwa na mwaka uleule wa 1780. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, fedha safi ni sehemu 833. Maana yake ni kwamba katika riale moja mna fedha safi gramu 23 na kidogo.

Soko la leo hutaka fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi na 75 za madini mengine, aghalabu shaba nyekundu, ili pete iwe ngumu na isipindike. Basi mwanachama akiyeyusha riale ya nyanya yake na kufua pete, kisha akagonga tarakimu 925 ndani yake, amesema uongo, hata kama hakukusudia. Ili riale moja ifikie 925 hatuna budi kuitia gramu 34 hivi za fedha safi, ambazo ni nyingi kuliko uzito wa riale yenyewe. Kila mfua fedha na aikumbuke hesabu hii kama akumbukavyo jina lake. Pete ya riale si pete mbaya. Ni pete ya heshima, na wengine huipenda zaidi kwa sababu ya asili yake. Lakini iuzwe kwa jina lake.

Kutia kioo katika fedha nako kwataka subira. Kioo hakipendi moto wa ghafula. Kikiguswa na mwali wa fundi hupasuka mara moja. Kwa hiyo fundi hukipima kwanza kigae, akakata ukanda mwembamba wa fedha ulio sawa na mzingo wake, akaulehemu juu ya bamba, kisha akalehemu bamba hilo na pete. Hutosa kazi yake katika maji ya shabu ili kuondoa weusi wa moto, akaisugua kwa tupa na msasa. Kazi ya moto ikiisha kabisa, na pete ikisha kupoa, ndipo kigae kinapowekwa mahali pake na ukingo kusukumwa juu yake polepole pande zote. Hakuna gundi. Gundi ikionekana katika pete yetu, mkaguzi huirudisha. Na ndugu watobao kioo kwa ajili ya vipuli wakumbuke daima kutoboa ndani ya maji, kwa sababu vumbi la kioo likiingia kifuani hudhuru mapafu.

PETE YA MUHURI

Kazi ya tatu ndiyo ya kale kuliko zote. Zaidi ya miaka 5000 iliyopita watu wa Mesopotamia walichonga mihuri ya mawe na kuigonga juu ya udongo mbichi, ili ijulikane mali hii ni ya nani na nani amekubali. Baadaye muhuri ukahamia kidoleni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuusahau wala mwizi kuuchukua kwa urahisi.

Sisi tuliosoma chuoni twajua habari za pete ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za mbali, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Akafanyiza pete ya fedha yenye jina lake na ujumbe wake, akawakataza watu wengine wasichonge maneno kama yale katika pete zao. Baada yake pete ilishikwa na Abu Bakar, kisha Umar, kisha Uthman, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris huko Madina. Walitafuta siku tatu wasiipate. Tazameni, ndugu zangu: fedha ya uzito ule ingeweza kununuliwa sokoni siku ileile. Kilichotafutwa siku tatu kilikuwa ni muhuri.

Katika kazi yetu, jambo la kwanza la kufunza kijana ni kuchonga kinyume. Pete ya kugonga muhuri huchongwa herufi zikiwa zimegeuka, kama zionekanavyo katika kioo cha kujitazamia, ili juu ya lakiri zisomeke sawasawa. Herufi za Kilatini hukimbilia kushoto, na za Kiarabu hukimbilia kulia. Fundi huishika pete katika jiriwa ya mti, akachora kwanza kwa sindano, ndipo achonge kwa kalamu ya chuma; na kalamu ikiteleza hakuna raba ya kufutia. Hata hivyo wateja wengi wa leo hawana lakiri nyumbani. Hutaka jina lao lisomeke kidoleni. Kwa hiyo ni lazima kuuliza mapema. Fundi wetu mmoja hodari alimchongea mteja jina zuri mno, lakini mteja alipoligonga juu ya bahasha yake, likasomeka nyuma mbele. Fundi alicheka, mteja hakucheka, na pete ikarudi katika kalibu. Tangu siku hiyo karatasi ya agizo ina swali hilo, nalo li juu kabisa.

Pete ya muhuri ina shida nyingine: haiuziki kwa mtu wa pili. Kipuli kikikataliwa na mmoja chaweza kumfaa mwingine; lakini pete yenye jina la mtu, mwenyewe akitokomea, thamani yake hurudi kuwa uzito wa fedha tu, na siku tatu za mtia nakshi zimekwenda bure. Ndiyo maana Chama hudai arubuni ya nusu kabla ya chombo kugusa fedha. Wengine wameona neno hili ni la kutowaamini watu. Sivyo. Arubuni ni ahadi ya mteja kwetu, kama muhuri ulivyo ahadi yetu kwake.

JAMBO LILILOTUJARIBU

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe ambalo wengi wenu mnalijua, nami sina nia ya kulizunguka.

Alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo, ambaye simtaji jina, akatuagiza mamia ya pete na vidani vya kioo cha bahari, vyote vya ukubwa mmoja, kwa muda wa miezi miwili. Ghala yetu haikuwa na hata robo ya vigae vilivyohitajika. Ndipo likatokea shauri. Iko mashine, pipa dogo lizungukalo kwa umeme. Ndani yake hutiwa vipande vya chupa, maji na changarawe kali, na baada ya siku chache vyatoka vimelainika na vina ukungu. Tununue pipa hilo, walisema baadhi ya ndugu, tusage chupa, tujaze agizo, tugonge alama. Nani atajua?

Jawabu la kwanza ni kwamba ajuaye atajua. Mtu akitazama kwa lenzi, ngozi ya kioo cha pipa ni laini na ya namna moja, lakini cha bahari kina vishimo na alama ndogo zilizopinda mithili ya mwezi mwandamo. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini jawabu hilo ni la woga tu, wala mimi sitaki tuwe wa kweli kwa kuogopa lenzi. Liko jawabu kubwa zaidi. Tukikiita kioo cha pipa kwa jina la kioo cha bahari, basi bei ya kimoja itakuwa bei ya kingine. Na bei ya kioo cha pipa ni bei ya chupa iliyovunjika na umeme wa siku chache. Je, mwaka utakaofuata, ni nani katika nyinyi atakayemlipa yule mama aliyeinama pwani tangu maji kutoka hata maji kurudi? Hatakuwapo. Tungedhani tunamdanganya mgeni wa ng'ambo, kumbe tunamwibia mwanachama mwenzetu aliyeketi safu ya mbele katika mkutano huu. Uongo katika biashara ya ushirika hauanzi kwa mnunuzi. Huanza kwa yule mnyonge kuliko wote katika sisi wenyewe.

Halmashauri ilimwandikia mnunuzi kwamba tunaweza kumpa vigae vya kweli vichache tulivyo navyo, kila kimoja na umbo lake, na si zaidi. Alichukua sehemu ndogo, nyingine akaiacha. Malipo ya pili ya mwaka ule yalipungua, na kila nyumba iliona upungufu. Baadhi ya ndugu walikasirika, na wachache walitutoka. Sisemi kwamba haikuuma. Mwenye watoto wanaodaiwa karo hawezi kulishwa kwa sifa. Lakini nasema kwamba waokotaji wetu bado wanaokota, na bei yao haijashuka.

TUNAYOJIFUNZA KWA WALIOTUTANGULIA

Si sisi wa kwanza kujaribiwa hivi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu wasiozidi 30, baadhi yao wafuma nguo maskini, walifungua duka lao dogo la ushirika tarehe 21 Desemba. Siku zile wenye maduka walikuwa wakichanganya vyakula na vitu visivyofaa, hata unga ukatiwa shabu na chokaa. Wale wa Rochdale walianza na bidhaa chache tu: unga, siagi, sukari na shayiri. Lakini unga ulikuwa unga, na kipimo kilikuwa kamili. Ushirika ulioenea duniani, huu wetu ukiwamo, umepata sehemu kubwa ya kanuni zake katika duka lile.

Na katika kazi ya fedha, nchi hiyohiyo ilikuwa na sheria tangu mwaka 1300, zamani za mfalme Edward wa Kwanza, kwamba chombo cha fedha kipimwe kwanza, kisha kigongwe alama ya kichwa cha chui. Mwaka 1773 mji wa Birmingham ukapata ofisi yake ya kupimia fedha na alama yake ya nanga, ingawa bahari i mbali nao. Mafundi wa mji ule hawakudhoofika kwa kupimwa. Mtaa wao wa masonara wajulikana hata leo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAOMBI MANNE

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano Mkuu ufikirie maazimio manne, ili jambo hili lisitegemee tabia ya Katibu huyu wala Halmashauri hii, bali liwe kanuni ya Chama.

La kwanza: jina la kioo cha bahari litumike kwa kigae kilichookotwa pwani na kupokewa ghalani, kikiandikwa katika daftari kwa siku yake na jina la mwokotaji wake. Sisemi kwamba kioo cha pipa ni haramu. Vijana wanaotaka kusaga chupa za hoteli na wasage, kazi hiyo husafisha mji. Lakini kiuzwe kwa jina la kioo cha kusagwa, kwa bei yake, bila ya alama ile.

La pili: tarakimu 925 igongwe juu ya fedha iliyopimwa tu. Fedha ya riale iandikwe kuwa fedha ya riale.

La tatu: kila pete ya muhuri iwe na karatasi ya agizo, jina likiwa limeandikwa na mteja kwa mkono wake mwenyewe. Nakala ya mchoro itunzwe, wala mchoro wa mtu mmoja usichongewe mwingine. Nembo ya serikali, ya mahakama au ya chuo chochote isichongwe kwa mtu asiye na idhini.

La nne: chapa ya chuma ya Chama itunzwe katika sanduku la funguo mbili, mmoja kwa mkaguzi wa kazi na mmoja kwa Katibu, wala sanduku lisifunguliwe na mmoja peke yake. Naomba hili kwa ajili ya nafsi yangu pia, kwa sababu mtu asiyeweza kufungua peke yake hawezi kushukiwa peke yake.

Ndugu zangu, miaka kumi ni umri wa mtoto ambaye ndiyo kwanza aanza kutumwa dukani na kuaminiwa na fedha. Watu sasa wanatutazama waone kama tutarudisha chenji kamili. Jina jema hung'ara gizani. Na katika masoko ya mbali, ambako hatuonekani, ni jina tu litakalotuangazia.

Nawashukuru waokotaji wote, wafua fedha wote na watia nakshi wote, pamoja na wazee waliokubali kuwafunza vijana siri za kazi yao bila ya choyo. Nawaombea dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao majina yao yameandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la wanachama. Mungu akibariki Chama chetu, na atujalie tukutane tena katika mwaka wa ishirini, tukiwa na hesabu iliyo wazi na muhuri usio na doa.